Zizi Lisilohama: Minyoo na Wanakondoo wa Turkana

Mvua ikinyesha Turkana kila mtu hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lodwar hupata kama milimita 200 tu za mvua kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Kakamega hukipata kwa mwezi mmoja wa masika. Kwa hiyo akiporo, msimu wa mvua, ukishaingia na nyasi zikachipua kwenye kingo za mito ya Turkwel na Tarach, kondoo wakaanza kuzaa na vibuyu vikapata maziwa, hakuna anayetaka kusikia habari za ugonjwa. Mambo hubadilika wiki tatu au nne baadaye. Wanakondoo wawili watatu wanaanza kubaki nyuma ya wenzao. Manyoya yamesimama, tumbo limetuna, makalio yamechafuka. Wengine wana uvimbe laini wa maji chini ya taya, unaoonekana wazi jioni na kupungua asubuhi. Kisha mmoja anakutwa amekufa zizini, na mwenye mali anapomtazama vizuri anaona ufizi mweupe usio na dalili ya damu.

Jibu la kwanza la wengi ni kukimbilia agroveti mjini kununua chupa ya dawa ya minyoo. Siwalaumu. Mtu mwenye kondoo kumi na wawili hawezi kukaa akiwatazama wakiisha. Lakini nimekuja kuamini kwamba chupa hiyo ndiyo inayopaswa kuja mwisho. Kinachoamua kama mwanakondoo wa Turkana ataishi au atakufa kwa minyoo ni alichokula mama yake kabla ya kuzaa, kiasi cha maziwa aliyoachiwa, na hali ya sakafu anayolalia usiku.

Nawoitorong iko kusini mwa mji wa Lodwar, kando ya barabara kuu iendayo Kitale. Wasafiri wanapajua kwa nyumba ya wageni iliyojengwa kwa miti na makuti na kuendeshwa na kikundi cha wanawake. Kwa mfugaji, ni mojawapo ya mahali ambapo mji na boma vimekutana. Familia zimekaa karibu na shule, bomba la maji, zahanati na soko, na bado zina mbuzi na kondoo wachache nyuma ya nyumba. Hali ni hiyo hiyo Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliyofuata baadaye, yamevuta watu, maji na biashara. Katika sehemu hizi zizi limeacha kuhama. Linasimama mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, na mlima wa samadi unapanda chini ya kwato.

Hili ni jambo jipya katika historia ya Turkana. Wanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyeishi na Waturkana kati ya 1948 na 1950, na J. Terrence McCabe, aliyefuatana na Wangisonyoka, tawi la Waturkana wa kusini, kuanzia 1980, wote wawili waliandika juu ya watu waliohama mara nyingi kwa mwaka, wakifuata majani, maji na usalama. Familia ilipohama, anok, yaani zizi la miiba, liliachwa pamoja na samadi yake. Jua la Turkana, linalopandisha joto hadi nyuzi 35 na zaidi mchana, likaukausha ule uwanja na kuua karibu kila kilichokuwa ndani. Waturkana hawakuhama ili kukimbia minyoo. Hata hivyo kuhama kuliwafanyia kazi hiyo bila malipo, na familia iliyotulia mjini imeipoteza tiba hiyo bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba imeipoteza.

Ili kuona hasara yenyewe, inafaa kumjua adui. Anayeua zaidi ni mnyoo wa damu, Haemonchus contortus, anayeishi katika tumbo la nne la kondoo. Ana urefu wa sentimita mbili hivi, na jike lake lina mistari miwili iliyosokotana, mwekundu wa damu aliyoinyonya na mweupe wa mayai. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Kila mnyoo humpotezea kondoo damu kama mililita 0.05 kwa siku, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka uzidishe. Mwanakondoo wa kilo kumi ana damu isiyofika hata lita moja, kama mililita 650. Akiwa na minyoo elfu moja anapoteza mililita 50 kila siku. Kwa wiki mbili atakuwa amepoteza kiasi sawa na damu yake yote, na ni lazima mwili utengeneze nyingine upya kwa protini ya chakula. Kama protini hiyo haipo, hesabu imekwisha.

Mayai hutoka na kinyesi. Penye unyevu na joto, viluwiluwi huanguliwa na kwa muda wa wiki moja hivi huwa tayari kuambukiza. Hupanda kwenye majani yenye umande, sentimita chache tu kutoka ardhini, na kungoja kondoo. Mbuzi anayekula majani ya miti juu ya kichwa chake havikuti kwa wingi. Kondoo anayekata nyasi karibu na udongo huvikuta. Penye ukavu na jua kali viluwiluwi hufa, na ndiyo sababu Turkana, kwa maumbile yake, ingepaswa kuwa nchi ngumu kwa mnyoo huu.

Mnyoo wenyewe umejifunza kuvumilia akamu, msimu wa kiangazi. Viluwiluwi vilivyoliwa mwishoni mwa mvua huweza kusimamisha ukuaji wao ndani ya tumbo la kondoo jike na kulala humo kwa miezi, huku nje kukiwa moto. Mvua inapokaribia, na kondoo anapokaribia kuzaa, huamka. Kinga ya mama hushuka katika wiki za kuzaa na kunyonyesha, mayai kwenye kinyesi chake huongezeka sana, na mayai hayo huangukia nyasi mpya zile zile zilizoota kuzunguka boma.

Na ni nani anayelisha karibu na boma? Wanakondoo. Desturi ni kwamba watoto wa kondoo na mbuzi hawafuatani na kundi kubwa. Hubaki nyumbani wakichungwa na watoto wadogo, wakidonoa majani ya hapo hapo mpaka mama zao warudi jioni. Kwa familia inayohama, majani hayo yalikuwa mapya kila mara. Kwa familia iliyotulia Nawoitorong au ukingoni mwa Kakuma, hayo ndiyo majani machafu kuliko yote katika kaunti. Tunamchukua mnyama mchanga asiye na kinga na kumwekea chakula chake mahali ambapo kundi zima limenyea usiku. Sijui kama kuna kosa dogo la kupanga mambo linaloua wanyama wengi kuliko hili, na kulirekebisha hakuhitaji fedha. Inatosha kuwapeleka wadogo upande ambao kundi halilali wala halipiti, na kuwachelewesha kutoka asubuhi mpaka umande ukauke.

Nije kwenye mlo, kwa sababu hapo ndipo pana maumivu makubwa zaidi.

Watafiti wa Uskoti, R. L. Coop na Ilias Kyriazakis, walieleza mwaka 1999 jinsi mwili wa kondoo unavyogawa protini ikiwa haba. Kwanza mwili hujitunza wenyewe usife. Kwa kondoo anayenyonyesha, maziwa huja mbele ya kinga. Kupambana na minyoo kunabaki nyuma ya foleni. Ndiyo maana kondoo jike mwenye njaa anatoa mayai mengi ya minyoo akishazaa, na akilishwa protini ya kutosha wiki za mwisho za mimba idadi hiyo hupungua. Kwa maneno mengine, mkebe wa chakula anaopewa mama mwezi mmoja kabla ya kuzaa ni dawa ya minyoo ya mwanawe ambaye bado hajazaliwa.

Kisha kuna maziwa. Mwanakondoo anahitaji dang'a, maziwa ya kwanza, ndani ya saa chache za mwanzo, kwa kuwa ndimo kinga ya kwanza inamopitia. Baada ya hapo anahitaji kunyonya vya kutosha kwa majuma. Turkana, maziwa hayo hayo ndiyo chakula cha watoto wa nyumba. Mama anayekamua kondoo wake alfajiri na kumwachia mwanakondoo matone, hafanyi hivyo kwa ukatili. Ana mtoto mwenye utapiamlo ndani ya nyumba. Mshauri yeyote anayekuja na kusema tu acheni kukamua hajafikiria. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mwanakondoo aliyenyimwa maziwa huanza kula majani mapema kuliko wenzake, akiwa hajakomaa, na kwa hiyo hukutana na viluwiluwi mapema, akiwa na akiba ndogo ya protini ya kupambana navyo. Njaa na minyoo huja kwa mlango mmoja. Njia inayowezekana ni kumwongezea mama chakula ili titi litoshe wawili, na kumpa mwanakondoo kitu cha kula nyumbani kisichotoka ardhini.

Kitu hicho Turkana kipo, na wenyeji walikijua kabla ya mtaalamu yeyote. Mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, huangusha maganda yake yaliyojikunja wakati wa kiangazi, pale majani mengine yote yanapokuwa yamekwisha. Maganda hayo, ngitit, yana protini ya kama asilimia 12 hadi 18, mara kadhaa ya ile iliyomo katika nyasi kavu. Wanawake huyatikisa kwa mti mrefu wenye ndoano, huyakusanya na kuyaweka akiba. Kando ya Turkwel, miti hiyo haikuwa mali ya kila mpitaji. Edmund Barrow aliandika mwaka 1990 kuhusu ekwar, utaratibu ambao familia inamiliki haki ya kutumia miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, na wengine huomba ruhusa. Kwa miaka mingi ekwar ilitazamwa na maofisa kama jambo la mila tu. Mimi naiona kama bohari la chakula cha mifugo lenye mwenyewe na sheria zake. Kila mgunga unaokatwa kwa ajili ya makaa ya kuuzwa Lodwar au Kakuma ni protini iliyotolewa kinywani mwa kondoo mwenye mimba.

Miti ya jamii ya mgunga ina jambo la ziada, tanini, ile dawa inayofanya ulimi ukauke unapotafuna gome. Tanini ikiwa kwa kiasi hulinda protini isiharibiwe tumboni mapema, na baadhi yake huonekana kuwasumbua minyoo wenyewe. Nchini Zimbabwe, Kahiya na wenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo ya mbuzi walioambukizwa mnyoo wa damu. Waliolishwa majani ya Acacia karoo walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, ilhali waliolishwa Acacia nilotica hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo si kila mti wa miba ni dawa, na anayeuza majani kwa madai hayo anapaswa kuulizwa ni mti gani hasa.

Kuna pia mathenge, etirae kwa Kiturkana, ambao sasa umejaa kila mahali kuanzia Lodwar hadi Kakuma. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 kupandwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapandwa sehemu kavu za kaskazini kuzuia jangwa. Wafugaji wa Ilchamus huko Baringo walifikia hatua ya kuishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Kilio chao kilikuwa cha haki. Hata hivyo maganda hayo yakisagwa ni chakula kizuri. Utafiti uliofanyika Marigat, Baringo, na kuchapishwa 2010, uliwapa mbuzi wachanga wa Galla gramu 100, 200 na 400 za unga wa maganda kwa siku, na waliopewa 200 ndio waliongeza uzito zaidi. Kuzidisha hakukusaidia. Kusaga nako kuna faida ya pili, kwa sababu mbegu ikipondwa haioti tena ikitoka na kinyesi. Kinu kimoja kinachozungushwa na injini ndogo, kikikaa kwenye soko la Lodwar na kingine Kakuma, kingeweza kugeuza mti unaolaaniwa kuwa chakula cha kondoo wenye mimba.

Nitaje haraka kile ambacho kila mpita njia amekiona: mbuzi na kondoo wa mjini wakitafuna makatoni na mifuko. Katoni hujaza tumbo bila kutoa protini yoyote, na plastiki huziba njia ya chakula. Mnyama wa namna hiyo anaweza kuonekana ameshiba huku minyoo ikimmaliza.

Sasa makazi. Ukiingia kwenye kibanda cha wanakondoo cha familia iliyokaa mahali pamoja kwa miaka kadhaa, utainama kupita mlango mdogo uliozibwa kwa tawi la miba. Ndani kuna giza na joto, kwa kuwa kibanda kimefunikwa vizuri ili fisi na mbweha wasipate upenyo. Ukichimba sakafu kwa fimbo, tabaka la juu ni vumbi kavu la samadi, na chini yake, kama mvua ilinyesha wiki hiyo, kuna tope jeusi lenye harufu kali inayochoma macho. Wanakondoo wanalala juu yake, wanalilamba, wananyonya matiti ya mama yaliyolalia hapo hapo. Mahali kama hapo mnyoo wa damu si tatizo kubwa sana, kwa sababu hakuna majani ya kupanda. Anayetawala humo ni koksidia.

Koksidia ni vimelea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoharibu ngozi ya utumbo. Huwashika wanakondoo hasa kati ya wiki ya tatu na ya nane. Dalili yake ni kuharisha, wakati mwingine kwa damu, kujikamua na kudhoofu, na hata anayepona hubaki mfupi kwa muda mrefu. Vimelea vinavyotoka na kinyesi vinahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku mbili hadi nne ili kuwa tayari kuambukiza. Hapa ndipo kufagia kunapata nguvu yake: samadi ikiondolewa kila siku, muda huo haufiki. Dawa nyingi za kuua vijidudu hazivipati, na dawa ya kawaida ya minyoo, iwe albendazoli au levamisoli, haifanyi kitu kabisa kwa koksidia. Familia nyingi zimenunua chupa, zikawanywesha wanakondoo wanaohara, zikaona hawaponi na kulaumu duka, kumbe ugonjwa haukuwa wa minyoo. Sakafu hiyo yenye tope ndiyo pia makao ya minyoo nyuzi, inayopenya ngozi ya tumbo na miguu ya mwanakondoo aliyelala juu ya unyevu.

Mbunifu wa kibanda kizuri hahitaji saruji. Miti ya mathenge ni migumu na imejaa, na kuikata ni kheri kwa wote. Simamisha nguzo, inua sakafu nusu mita kutoka ardhini, panga fito zilizonyooka zikiachana kama sentimita moja na nusu, ili kinyesi kidondoke chini na mguu wa mwanakondoo usinase. Mlango utazame mashariki jua la asubuhi liingie. Paa la makuti ya mkoma litoke nje kidogo kuliko ukuta, na mfereji uzunguke kibanda ili maji ya mafuriko yasipite chini. Kwenye milima ya Uluguru, Tanzania, wafugaji wa Mgeta waliopokea mbuzi wa maziwa wa Norway kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine miaka ya 1980 wamewaweka kwenye mabanda ya kuinuliwa na kuwaletea majani. Mgeta ni baridi na mvua nyingi, mbali sana na Turkana kwa hali ya hewa, lakini kanuni ni ile ile: mnyama asilale juu ya kinyesi chake wala asile kutoka ardhini.

Kula kutoka ardhini ni kosa lingine ambalo hurudisha nyuma kila kazi nzuri. Ngitit zilizosagwa zikimwagwa kwenye udongo wa zizi zimekuwa kinyesi nusu. Nusu ya pipa lililokatwa, au tairi kuukuu lililogeuzwa na kuinuliwa juu ya mawe, linatosha kuwa hori. Hori la maji pia liwe juu kiasi kwamba mwanakondoo anywe bila kuingiza miguu, na lisivuje. Mara nyingi sehemu pekee ya kijani katika boma zima wakati wa akamu ni pale maji yanapomwagika karibu na bomba, na hapo ndipo wanakondoo wote hukimbilia, na hapo ndipo viluwiluwi huishi mwaka mzima. Ziba mvujo huo au zungushia miba.

Kwa anok la wakubwa, njia ya zamani bado inaweza kuigwa kwa kiwango kidogo. Familia yenye uwanja wa kutosha iweke mazizi mawili na kuhamia la pili kila baada ya miezi michache, jua likifanya kazi kwenye lile la kwanza. Samadi iliyokauka ina wanunuzi kwenye mashamba ya umwagiliaji kando ya Turkwel.

Dawa ina nafasi yake, na ni vizuri itumike kwa akili. Kenya imejua kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba baadhi ya minyoo ya kondoo imekuwa sugu. N. Maingi aliripoti mwaka 1991 shamba moja la kondoo nchini ambamo mnyoo wa damu na jamaa zake hawakufa kwa dawa kadhaa za kawaida. Usugu huletwa na kunywesha kundi zima kila mara, na kukisia uzito kwa macho hata mnyama akapata dozi pungufu. Wataalamu wa Afrika Kusini walibuni kipimo cha kope kiitwacho FAMACHA, kwa heshima ya daktari wa mifugo Faffa Malan aliyekianzisha. Unashusha kope la chini kwa kidole gumba na kutazama ngozi ya ndani mwangani. Nyekundu kama nyama mbichi ni salama. Waridi hafifu ni ya kuangaliwa. Nyeupe ni hatari, na huyo ndiye wa kupewa dawa. Wenye kope nyekundu waache bila dawa, kwa kuwa minyoo iliyomo ndani yao ambayo haijazoea dawa ndiyo inayopunguza kasi ya usugu. Kipimo hiki hakisemi lolote juu ya koksidia, kwa hiyo anayeharisha akiwa na kope nyekundu anahitaji matibabu ya namna nyingine.

Dawa za miti nazo zina habari yake. Gome la ekapangiteng, Albizia anthelmintica, hutumiwa na Waturkana, Wasamburu na Wakaramoja kuwanywesha mifugo wenye minyoo. Gathuma na wenzake, waliofanya kazi Samburu na kuchapisha 2004, waliona likipunguza mayai ya minyoo kwa karibu asilimia 90. Mwaka mmoja kabla, John Githiori na wenzake waliojaribu gome hilo kwenye kondoo walioambukizwa mnyoo wa damu hawakuona nafuu yoyote. Watafiti wote walikuwa makini. Huenda tofauti iko katika umri wa mti, sehemu iliyovunwa, kipimo, au aina ya minyoo. Uamuzi wangu ni kwamba anayejua kuiandaa aendelee, ila atazame kope baada ya wiki mbili na asiamini bila kuangalia.

Mbegu ya kondoo pia ina neno. Kati ya 1991 na 1996, kituo cha utafiti wa mifugo kinachojulikana leo kama ILRI kiliwalinganisha kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper huko Diani, pwani ya kusini. Wanakondoo wa Kimaasai walibeba minyoo michache na walikufa wachache zaidi. Dorper, walioundwa Afrika Kusini miaka ya 1930, ni wakubwa na wananunuliwa kwa bei nzuri, na miradi katika kaunti kavu imewagawa madume wao kwa miaka mingi. Mfugaji anayemchukua Dorper ajue kwamba amechukua pia jukumu la kumlisha na kumlaza pakavu zaidi kuliko alivyozoea kwa kondoo wake wa asili.

Nisiache tahadhari mbili. Kuharisha na kufa kwa wengi kwa ghafla, kukiambatana na homa, vidonda mdomoni na makamasi, si minyoo. Hiyo huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo, lomoo kwa Kiturkana, ambayo Kenya iliithibitisha kwa mara ya kwanza hapa Turkana mwaka 2006, na inapaswa kuripotiwa siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa mifugo ili chanjo ije. Ya pili ni mbwa. Turkana imewahi kurekodi viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa wa uvimbe wa maji unaotokana na tegu wa mbwa, kiasi kwamba shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Kondoo hubeba uvimbe huo kwenye ini na mapafu, mbwa hula, na binadamu huupata kutoka kwa mbwa. Kondoo akifa au akichinjwa, maini na mapafu yenye mabonge ya maji yachomwe au yafukiwe kina kirefu, na mbwa asilale katika kibanda cha wanakondoo.

Sensa ya 2009 ilihesabu kondoo wapatao milioni 3.5 Turkana, na mbuzi karibu milioni sita. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili katika kaunti kavu za Kenya. Familia zilizobaki na wachache zinajenga upya kundi kutoka kwa wanakondoo wale wale ninaowaeleza hapa. Serikali ya Kaunti ya Turkana imetumia fedha nyingi kwa chanjo na dawa, na chanjo ni lazima iendelee. Ninaiomba itoe sehemu ya fedha za dawa ya minyoo kwa vinu vya kusaga maganda, kulinda ekwar za Turkwel dhidi ya makaa, na kufundisha wasichana na wavulana wanaochunga wadogo kutazama kope. Na kwako msomaji uliye na kondoo wachache Nawoitorong, Kanamkemer, Kakuma au popote pakavu: kabla mvua ijayo haijanyesha, inua sakafu ya kibanda cha wanakondoo, hamisha malisho yao upande wa pili wa boma, na anza leo kumpa mkebe wa ngitit kila kondoo jike mwenye mimba.